Deni Huzaliwa Siku Mkataba Unaposainiwa

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika idara ya mipango na bajeti ya wizara moja ya huduma za jamii, kwanza nikiwa mchumi wa daraja la chini aliyepewa kazi ya kujumlisha majedwali, na baadaye nikiwa mmoja wa watu wanaoitwa Hazina kila mwaka kutetea makadirio ya wizara yao. Nimesikia serikali ikiahidi kubana matumizi mara nyingi, na mara nyingi vilevile nimeona nakisi, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, ikirudi ikiwa kubwa kuliko ilivyoondoka. Watu walio nje ya kazi hii hudhani kwamba matumizi ya umma hayadhibitiki kwa sababu ya wizi, anasa na misafara ya wakubwa. Mambo hayo yapo, wala sitayatetea, lakini yangefutwa yote kwa siku moja, nakisi nyingi nilizozifahamu zingebaki karibu palepale zilipokuwa. Chanzo chake kikubwa nilikuja kukiona mahali ambapo wachache hupatazama, yaani katika muda unaopita kati ya siku serikali inapoahidi na siku inapotakiwa kulipa.

Mzunguko wa bajeti huanza na waraka wa Hazina unaotaja ukomo wa matumizi wa kila fungu. Waraka huo ukishafika wizarani, idara huketi kuandaa maombi yao, na hapo ndipo mchezo unapoanza. Mkuu wa idara akijua kwamba atakatwa, huomba zaidi ya anachohitaji. Hazina nayo, ikijua kwamba maombi yamekuzwa, hukata bila kuuliza. Naye mkuu yule, akishaonja makali ya kukatwa, mwaka unaofuata huyakuza maombi yake zaidi. Mkurugenzi wangu wa kwanza, mzee mpole aliyekuwa na kumbukumbu ya kila kasma, yaani kila kifungu cha matumizi katika bajeti, kichwani, aliniambia wiki nilizokuwa bado mgeni: “Kijana, usiombe unachohitaji. Omba kiasi ambacho kikikatwa kitabaki kile unachohitaji.” Hakuwa mtu mwovu, na ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa kwa mtu aliyekaa katika kiti chake. Ubaya ni kwamba ushauri huohuo ulikuwa ukitolewa katika kila wizara, hivyo mwisho wa yote hapakuwa na mtu yeyote serikalini aliyejua gharama halisi ya kitu chochote.

Nilipoanza kuhudhuria vikao vya majadiliano na Hazina, nilishangazwa na udogo wa eneo tulilokuwa tukiligombania. Kitabu cha makadirio ni kinene, lakini fedha zinazoweza kuhamishwa kwa uamuzi wa kikao ni chache. Mishahara inawahusu watumishi walioajiriwa kisheria na hawawezi kupunguzwa kwa kalamu ya mchumi. Pensheni ni haki iliyokwisha kuiva. Riba na marejesho ya mikopo, katika nchi nyingi, hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa serikali bila kusubiri kura ya Bunge ya kila mwaka, kwa kuwa mkopeshaji asingekubali kungojea hisia za wabunge. Zikishatolewa hizo tatu, na michango ambayo sheria inailazimisha serikali kuitoa, kinachobaki mezani ni matengenezo, mafuta, dawa, vifaa vya ofisi, mafunzo na miradi ya maendeleo. Waziri anaposimama na kutangaza kwamba matumizi yatapunguzwa kwa asilimia fulani, msikilizaji huielekeza asilimia hiyo kwenye serikali nzima. Kumbe mzigo wote utaangukia sehemu hiyo ndogo, ambayo italazimika kukatwa mara kadhaa ya kiwango kilichotangazwa.

Riba inastahili neno lake peke yake, kwa sababu ndiyo matumizi pekee ambayo serikali haikuyachagua mwaka huu. Ilichaguliwa na mawaziri waliopita, pamoja na viwango vya riba vya masoko ambavyo hakuna Bunge linaloviamuru. Marekani, yenye sarafu ambayo dunia nzima huikubali, katika mwaka wa fedha 2024 ilitumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko ilizotumia kwa ulinzi. Nchi ndogo inayokopa kwa sarafu ya wengine huifikia hali hiyo mapema zaidi na kwa maumivu makubwa zaidi, maana sarafu yake ikishuka thamani, riba hupanda bila mtu yeyote kukopa hata senti mpya.

Kwa hiyo tulikata palipokatika kwa urahisi, na palipokatika kwa urahisi kuliko pote palikuwa kwenye matengenezo. Bomba linalovuja haliandamani, na paa linalooza halina mwakilishi bungeni. Nimeshiriki mwenyewe vikao ambamo kasma ya ukarabati ilifyekwa mwaka baada ya mwaka kwa maelezo kwamba “majengo yatastahimili”, na kwenye karatasi ule ulikuwa udhibiti wa matumizi wa kupigiwa mfano. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanyika kwa wakati zingeliepushia bara la Afrika gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara zilizoharibika katika mwongo uliotangulia. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto, na jambo la kutafakarisha ni kwamba vitabu vya hesabu vya kila mwaka wa mwongo ule vilionyesha akiba. Nakisi ilikuwepo muda wote. Ilikuwa imehamishiwa kwenye lami.

Upande wa mapato nitaupitia haraka, kwa kuwa haukuwa wangu, ingawa tuliumia nao. Makadirio ya makusanyo huandaliwa na watu walio chini ya waziri yuleyule anayetaka kutumia, na si ajabu kwamba huegemea upande wa matumaini. Mchumi Jeffrey Frankel alichunguza utabiri rasmi wa serikali za nchi 33 na kukuta kwamba kwa wastani serikali hutarajia ukuaji wa uchumi na urari wa bajeti (tofauti ya mapato na matumizi) mzuri kuliko unaokuja kutokea, na kwamba kadiri utabiri unavyotazama mbali ndivyo matumaini yanavyozidi. Chile ililitambua tatizo hilo mapema: chini ya kanuni yake ya bajeti iliyoanza kutumika mwaka 2001, bei ya muda mrefu ya shaba inayotumika kupanga matumizi hukadiriwa na jopo la wataalamu wa nje ya serikali. Kwetu sisi, mapato yaliyokadiriwa kwa matumaini yalikuwa na tokeo moja la hakika: matumizi yaliidhinishwa yote, na fedha zikaja nusu nusu.

Hapa ndipo penye kiini cha yale niliyojifunza. Katika miaka ya 1990 nchi kadhaa za Afrika, zikiwa zimechoshwa na mfumuko wa bei uliotokana na kuchapisha fedha, ziliingia katika utaratibu wa bajeti ya fedha taslimu: Uganda mwaka 1992, Zambia mwaka 1993, Tanzania mwaka 1996. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza, kwamba Hazina haitoi mwezi huu zaidi ya kilichokusanywa. Ilisaidia kuutuliza mfumuko wa bei, na hilo ni jambo kubwa ambalo wakosoaji wake husahau kulitaja. Lakini kanuni hiyo hulinda mlango wa malipo peke yake. Haimzuii afisa wa wizara kuagiza mali, kupokea huduma au kusaini mkataba kwa kutegemea bajeti iliyoidhinishwa, akiamini kwamba mgao wa fedha kutoka Hazina utafika. Mgao usipofika, mali imekwisha kupokelewa, na serikali inadaiwa hata kama vitabu vya fedha taslimu vinaonyesha kwamba imetumia kwa kadiri ya uwezo wake.

Nililiona jambo hilo kwa macho kabla ya kulisoma mahali popote. Katika ofisi ya uhasibu ya wizara kulikuwa na kabati la chuma lililohifadhi ankara ambazo hazijalipwa, na hati hizo hazikuwa zimeingizwa kwenye leja yoyote, kwa kuwa kwa utaratibu wa wakati ule matumizi yalitambuliwa siku ya malipo. Nilipopewa kazi ya kuziorodhesha, nilikuta za mwaka ule, za mwaka uliotangulia, na chini kabisa za miaka ambayo afisa aliyezipokea alikuwa ameshastaafu. Baadhi ziliambatana na barua tatu au nne za kukumbushia, kila moja ikiwa na lugha kali kuliko iliyotangulia, isipokuwa za mwisho, ambazo zilirudi kuwa na lugha ya kuomba. Mama mmoja aliyekuwa akitoa huduma ya chakula katika vituo vyetu vya mafunzo alikuwa akija mwenyewe kufuatilia. Siku nilipomweleza kwamba tunasubiri mgao, alinijibu kwa upole: “Mwanangu, mimi huko benki sikuambiwa nisubiri mgao.” Alikuwa amekopa ili kutulisha, akilipa riba kubwa kuliko ambayo serikali ingelipa kwa hatifungani zake, kwa hiyo tulichokuwa tukikiita nidhamu ya fedha kilikuwa mkopo wa serikali uliochukuliwa kwa jina la mfanyabiashara mdogo, bila idhini yake na bila kuandikwa kwenye deni la taifa.

Mikopo ya namna hiyo haiji bure. Wazabuni waliozungushwa hujifunza, na wakishajifunza huiweka gharama ya kusubiri ndani ya bei. Nililinganisha mara moja bei ambazo wizara ilikuwa ikitozwa kwa bidhaa za kawaida kabisa, karatasi na wino, na bei ambazo taasisi moja inayolipa kwa wakati ilitozwa na wauzaji haohao, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mkuu wangu aliomba nirudie hesabu. Nilirudia, na haikubadilika. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba wazabuni wadogo walijiondoa mmoja mmoja, wakabaki wenye mtaji wa kusubiri na wenye jamaa wa kuwasukumia hati zao. Na hapo, kama mtu angetaka kujua rushwa ya malipo inazaliwa wapi, angekuwa na jibu. Foleni ya ankara isiyo na utaratibu ni soko, na nafasi ya mbele ina bei yake.

Ankara za karatasi na chakula, hata hivyo, ni mambo madogo yakilinganishwa na mikataba ya ujenzi. Wakati mmoja wizara yetu ilisaini mkataba wa jengo la mafunzo ambalo ujenzi wake ungechukua miaka mitatu. Katika makadirio ya mwaka wa kwanza iliwekwa fedha ya malipo ya awali tu, kiasi kidogo ambacho kilitosha ndani ya ukomo wetu bila kumkera mtu, na kila aliyepitia jedwali lile, kuanzia sisi hadi kamati ya Bunge, aliona mradi wa bei nafuu. Hapakuwa na safu iliyouliza mkataba mzima ni wa kiasi gani na miaka miwili ijayo itaufadhili kwa nini. Mwaka wa pili mkandarasi alileta hati zake za madai kwa kasi iliyokubaliwa, ukomo wetu ukawa umepunguzwa, na miradi mingine mipya ikawa imeanzishwa kwa mtindo uleule wa malipo ya awali. Hati zikalala. Kwa mujibu wa mkataba, hati iliyochelewa kulipwa huanza kuhesabiwa riba. Hati zikichelewa zaidi, mkandarasi ana haki ya kusimamisha kazi. Kazi ikisimama kwa sababu ya mwajiri, yaani wizara iliyotoa kazi, mitambo iliyolala na wafanyakazi waliobaki kambini hulipwa na mwajiri. Nilipofika pale na mkaguzi wa ndani, tulikuta nguzo za ghorofa ya kwanza zimechomoza nondo zenye kutu na walinzi wawili wakilinda mashine ya kuchanganyia zege isiyochanganya kitu. Kila siku ya ukimya ule ilikuwa ikiingia kwenye madai. Jengo lilikamilika hatimaye, kwa gharama iliyozidi ya mkataba kwa zaidi ya theluthi, na sehemu kubwa ya ziada hiyo haikununua hata tofali moja.

Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba kubana malipo ni kubana matumizi. Matumizi hutokea siku saini inapowekwa kwenye mkataba, ajira inapotangazwa au mkopo wa shirika la umma unapodhaminiwa. Yanayofuata baadaye ni utekelezaji wa jambo ambalo limekwisha. Wahenga walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni, lakini utaratibu wa hesabu za serikali nyingi uliwekwa kana kwamba ahadi ni maneno tu mpaka siku hundi itakapoandikwa.

Udhaifu huu si wa nchi maskini peke yake. Mwaka 1985 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya maseneta Gramm, Rudman na Hollings, iliyoweka shabaha ya nakisi ya kila mwaka ikishuka hadi sifuri mwaka 1991, na makato ya lazima iwapo shabaha ingekosekana. Mahakama ya Juu ilibatilisha sehemu ya utaratibu wake mwaka 1986, sheria ikarekebishwa mwaka 1987 na shabaha ya sifuri ikasogezwa hadi mwaka 1993, na mwaka 1990 utaratibu mzima ukaachwa na kuwekwa mwingine. Kilichonivutia nilipousoma mkasa huo ni mbinu zilizotumika kuifikia shabaha kwenye karatasi, mojawapo ikiwa ni kuisogeza siku ya mishahara ya wanajeshi ili ivuke mpaka wa mwaka wa fedha. Nilicheka, kwa sababu sisi tulikuwa tumefanya jambo la namna hiyo kwa posho za walimu wa mafunzo, na tulidhani ni ubunifu wetu. Sheria iliyofuata ya mwaka 1990 ilibadilisha swali: badala ya kumlazimisha mtu afikie nakisi ambayo nusu yake inategemea hali ya uchumi, iliweka ukomo kwa matumizi yanayopigiwa kura na kumtaka anayependekeza mafao mapya au punguzo la kodi aonyeshe fedha ya kufidia. Pamoja na kukua kwa uchumi na kupungua kwa matumizi ya ulinzi baada ya Vita Baridi, utaratibu huo ulichangia kuifikisha Marekani kwenye ziada mwaka 1998, ya kwanza tangu 1969.

Kipimo cha asilimia 3 ya pato la taifa, ambacho nchi za Ulaya zilikubaliana katika Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992, na ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikiweka katika itifaki yake ya umoja wa fedha ya mwaka 2013, kina faida ya kukumbukwa kwa urahisi na hasara ya kuficha yaliyo nje yake. Ufaransa na Ujerumani zilipokivuka, mawaziri wa fedha wa Ulaya mwezi Novemba 2003 waliusimamisha mchakato wa kuzichukulia hatua. Ugiriki ilifanya kwa njia ya funika kombe mwanaharamu apite: Oktoba 2009 serikali mpya ilitangaza kwamba nakisi ya mwaka ule ingezidi asilimia 12, na mwaka uliofuata ofisi ya takwimu ya Ulaya ikaithibitisha kuwa asilimia 15.4. Miongoni mwa yaliyokuwa yamefichika ni madeni ya hospitali kwa wauzaji wa dawa na vifaa. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka lile kabati la chuma, nikaona kwamba tofauti ya Ugiriki na wizara yetu ilikuwa ya ukubwa wa kabati.

Ujerumani nayo, iliyoweka breki ya madeni kwenye katiba yake mwaka 2009 na kuiruhusu serikali ya shirikisho nakisi ya kimuundo (ile inayobaki athari za kupanda na kushuka kwa uchumi zikiondolewa) isiyozidi asilimia 0.35 ya pato la taifa, ilijikuta ikiunda mifuko maalumu nje ya bajeti, mpaka Mahakama yake ya Katiba tarehe 15 Novemba 2023 ilipobatilisha uhamisho wa idhini ya kukopa yuro bilioni 60, zilizoombwa kwa ajili ya janga la korona na kupelekwa kwenye mfuko wa tabianchi. Mwezi Machi 2025 katiba yenyewe ikarekebishwa ili kupisha matumizi ya ulinzi na mfuko wa miundombinu wa yuro bilioni 500. Kenya ilikuwa na ukomo wa deni uliotajwa kwa shilingi. Ukapandishwa hadi trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka 2023 ukabadilishwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa. Sizitaji nchi hizi ili kuzisuta. Ninachosema ni kwamba ukomo uliowekwa kwenye namba ya mwisho huwafundisha watu wenye akili kuishughulikia namba ya mwisho. Ubaya kuliko wote ni wa dhamana, kwa kuwa dhamana haionekani katika nakisi kabisa mpaka siku mdhaminiwa anaposhindwa. Msumbiji iligundua hayo mwaka 2016, ilipofahamika kwamba serikali ilikuwa imedhamini mikopo ya zaidi ya dola bilioni 1 ya kampuni za umma bila Bunge kuarifiwa; wafadhili wakasitisha misaada ya bajeti na sarafu ikaporomoka.

Yapo yaliyofanya kazi. Sweden, ambayo mwaka 1993 nakisi yake ilizidi asilimia 11 ya pato la taifa, ilibadilisha mpangilio wa maamuzi yenyewe: tangu bajeti ya 1997 Bunge huamua kwanza jumla ya matumizi, likiwa limeweka ukomo wa miaka mitatu mbele, kisha ndipo hugawanya katika maeneo 27, kwa namna ambayo anayetaka kuongeza eneo moja lazima ataje eneo atakalopunguza. Ninaupenda utaratibu huo kwa sababu unamlazimisha mwombaji akabiliane na mwombaji mwenzake. Katika mfumo tuliouzoea sisi, kila wizara hukabiliana na Hazina peke yake, nayo Hazina haina mtu wa kuitetea. Wanufaika wa kila kasma wanajulikana kwa majina na wanapiga simu, ilhali watakaolipa nakisi wametawanyika na wengine hawajazaliwa.

Kwa upande wetu, badiliko lililoleta nafuu halikutoka kwenye sheria kubwa yoyote. Tulipewa mfumo wa kompyuta uliokataa kutoa hati ya kuagiza mali kama kasma husika haina salio, na kwa miezi michache tukadhani tumeokoka. Maafisa wakagundua kwamba mali inaweza kuagizwa kwa simu na hati ikaandikwa baadaye. Aliyetutoa hapo ni mkaguzi wa ndani, bwana mmoja mkimya ambaye hakuwa na habari na kompyuta. Alianza kuchukua hati za kupokelea mali kutoka kwa mtunza stoo na kuzilinganisha na hati za malipo, moja baada ya nyingine, kila mwisho wa robo mwaka. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaweza kuficha agizo na anaweza kuficha ankara, lakini malori ya mali lazima yapakuliwe mahali, na mtunza stoo lazima aandike alichopokea ili kesho asije akadaiwa yeye. Kutokana na kazi yake ndipo Afisa Masuuli wetu, mtendaji anayewajibika kisheria kwa fedha za wizara, alipoanza kusaini kila robo mwaka taarifa ya ahadi zote za wizara, zilizolipwa na zisizolipwa, pamoja na gharama iliyobaki ya kila mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza alipoiona jumla aliuliza kama tumeandika sifuri nyingi kwa bahati mbaya.

Kulikuwa na jambo ambalo hatukulidhibiti, nalo ni wiki za mwisho za mwaka wa fedha. Fedha ambazo hazikufika kwa miezi kumi huweza kufika zote mwezi wa mwisho, na salio lisilotumika hurudi Hazina na kuwa ushahidi kwamba wizara haikulihitaji. Kwa hiyo hununuliwa kinachoweza kununuliwa haraka: kompyuta, viti, semina. Wachumi Jeffrey Liebman na Neale Mahoney walipochunguza ununuzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba wiki ya mwisho ya mwaka hutumia karibu mara tano ya wastani wa wiki nyingine, na kwamba miradi ya teknolojia ya habari inayoanzishwa wiki hiyo huwa na ubora wa chini. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuruhusu salio livuke mwaka. Hazina yetu iliikataa kila mara, kwa kuwa salio lililovuka huongeza matumizi ya mwaka unaofuata, yaani nakisi yake.

Nisieleweke kwamba naichukia nakisi kwa jina lake. Wakati wa msukosuko wa 2008 na 2009, na tena mwaka 2020, serikali zilizokataa kukopa zingewaumiza watu wao bure, na mkopo unaojenga kitu kitakachodumu kuliko muda wa kuulipa hauna aibu. Nakisi inayotangazwa inaweza kujadiliwa, kukopewa kwa bei inayojulikana na kulipwa kwa ratiba. Ninayoiogopa ni ile isiyotangazwa, kwa sababu mkopeshaji wake hajui kwamba anakopesha na mkopaji hajui kwamba anakopa. Ndiyo maana hadi leo nikipewa kitabu cha bajeti cha nchi yoyote, namba ya nakisi huiacha kwanza. Natafuta jedwali la malimbikizo ya madeni, la mikataba ya miaka mingi na la dhamana, na mara nyingi nakuta moja tu kati ya hayo matatu, au sikuti hata moja.

Katika bajeti ya mwisho niliyoshiriki kuiandaa, Hazina ilikubali hatimaye kuchapisha malimbikizo ya wizara zote kama kiambatisho, na kutenga fedha ya kuyapunguza. Kwa sababu hiyo matumizi ya mwaka ule yalionekana yamepanda na nakisi ikatangazwa kuwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, ambao malimbikizo yake hayakuwa yamehesabiwa popote. Kamati ya Bunge iliuliza maswali mengi kuhusu namba ya nakisi na kutaka wahusika waeleze ni nani aliyeachia matumizi yakaharibika. Kuhusu kiambatisho lilikuja swali moja, la mbunge aliyetaka kujua kama kampuni inayoidai serikali kutoka jimboni kwake imo kwenye orodha. Ilikuwamo, katika ukurasa wa pili.